Bahari Iko Mbali, Mvua Yake Iko Hapa

Ndugu zangu wa Litapunga, nanyi majirani wa Katumba, Mtapenda, Sitalike na Mpanda mjini, naomba leo tuzungumze juu ya bahari. Najua atakayeuliza hakosi: bahari na sisi, wapi na wapi? Kutoka hapa hadi ufuo wa Bahari ya Hindi ni karibu kilomita 900 kwa mstari ulionyooka, na ardhi yetu imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wake. Wengi wetu tumezaliwa, tumelima na wengine tumeanza kuzeeka bila kuchovya mguu katika maji ya chumvi. Tukikaa barazani kuhesabu mambo yanayotuhusu, tunataja bei ya mahindi, barabara, ng'ombe walioingia shambani na bomba lisilotoa maji. Bahari haitajwi.

Mimi naomba itajwe, tena mwanzoni kabisa, kwa sababu mahindi yenyewe yanaota kwa maji yake.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, inakoma Aprili, halafu ni vumbi hadi mwaka ugeuke. Wenzetu wa pwani na wa kaskazini wana vuli na masika, wakipungukiwa huku wanaweza kufidiwa kule. Sisi wa Mkoa wa Katavi tukipoteza msimu huu mmoja, hakuna mwingine njiani. Kwa hiyo mtu wa hapa ana haki, pengine kuliko mtu wa pwani, ya kuuliza mvua inatoka wapi.

Asilimia 97 ya maji yote ya dunia yako baharini. Jua linapopiga juu ya bahari, maji hupanda yakiwa mvuke na kuiacha chumvi chini. Sehemu kubwa ya mvuke huo hunyesha hukohuko baharini, wala hatuioni. Takribani sehemu moja tu katika kumi ndiyo inayosukumwa na upepo hadi nchi kavu, na sehemu hiyo moja ndiyo inayoanzisha mito, inayojaza visima na kunywesha mashamba ya dunia nzima. Tena mvuke haukai angani muda mrefu: wastani wake ni siku kama tisa, kisha hurudi chini. Kila msimu ni maji mapya yaliyotoka safari.

Safari yenyewe ina njia mbili. Kuna upepo wa kaskazi, uleule uliosukuma majahazi ya Waarabu na Wahindi hadi Zanzibar na Kilwa kwa karne nyingi. Huo huleta unyevu wa Bahari ya Hindi mwishoni mwa mwaka na kuusukuma bara. Lakini sisi tuliokaa magharibi mwa nchi tuna mlango wa pili. Katikati ya msimu hufika pia upepo wa kutoka Kongo, wenye unyevu ulioanzia Bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Hakuna unyevu unaovuka umbali huo kwa mruko mmoja. Unanyesha juu ya msitu wa Kongo, miti inauvuta kwa mizizi na kuutoa tena kwa majani, wingu linajengeka upya na kusogea mbele, linanyesha tena, na miti mingine inaupokea. Msitu ukikatwa njiani, maji yanayobaki ya kusogea mbele yanapungua. Na miombo yetu nayo imo katika kazi hiyo: misuku, mininga na mikurungu tuliyoizoea kiasi cha kuiona kuni tu, inapokea mvua ya bahari na kuipandisha tena kwa ajili ya shamba lililo mbele yake.

Bahari ina tabia zake pia, na zinatugusa. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyobadilika: miaka mingine upande wetu wa magharibi unapata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia unapoa, miaka mingine kinyume chake. Upande wetu ukipata joto, Afrika Mashariki huelekea kupata mvua kubwa. Ilitokea mwaka 1997, pamoja na El Niño ambayo jina lake limebaki midomoni mwa wazee hadi leo. Ilitokea tena mwaka 2019, na mvua zikaendelea hadi mwaka uliofuata. Ziwa Tanganyika likajaa likaingia katika nyumba za watu Bujumbura na Kalemie, na bandari ya Kigoma nayo ikaguswa. Upande wetu ukipoa, mara nyingi sehemu kubwa ya Afrika Mashariki huonja ukame. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kabla ya kutangaza utabiri wa msimu, huangalia kwanza joto la bahari. Anayefunga redio utabiri unaposomwa anafunga taarifa ya bahari iliyoandikwa kwa ajili ya jembe lake. Mkulima anayeusikiliza akachagua mbegu ya muda mfupi mwaka wa mvua haba hajaacha mila za wazee. Wazee nao walitazama mawingu, ndege na maua ya miti. Hawakupanda kwa kubahatisha.

Nirudi kwenye joto, maana hapo bahari imetubeba kuliko tunavyostahili. Joto la ziada ambalo dunia imejikusanyia tangu miaka ya 1970, kwa sababu ya moshi wa viwanda, magari na misitu inayochomwa, zaidi ya asilimia 90 limeingia baharini. Maji hupata joto taratibu na kulitoa taratibu, kama chungu cha udongo jikoni, na kwa sababu hiyo hewa tunayoishi ndani yake imepata joto dogo mno kuliko ambalo ingepata. Mbali na joto, bahari humeza karibu robo ya hewa ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu kila mwaka. Si bure. Maji yanazidi kuwa na asidi, na matumbawe yanapauka na kufa joto likizidi, kama yalivyopauka katika pwani yetu mwaka 1998. Mvuvi wa Mafia analipa sehemu ya deni ambalo hakulikopa, nasi tusipoteze muda kubishana nani aliyekopa zaidi. Tunajua si Litapunga.

Mtasikia pia kwamba bahari ndiyo inayotupa nusu ya hewa tunayovuta. Kauli hiyo ni kweli nusu, na napenda tuwe wakweli hata tunaposifu. Mimea midogo sana ya baharini, isiyoonekana kwa macho, hutengeneza karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani kila mwaka. Ila sehemu kubwa yake hutumiwa na viumbe vya baharini vyenyewe. Oksijeni iliyo katika pumzi yako sasa hivi ni akiba iliyolimbikizwa kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, na viumbe vya baharini ndivyo vilivyoanza kuiweka hiyo akiba kabla mti wa kwanza haujaota nchi kavu. Kwangu hilo linatosha kuiheshimu bahari bila kuongeza chumvi.

Tena bahari imewahi kufika karibu nasi kwa namna ambayo wengi hatuijui. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, J. E. S. Moore, alikuja Ziwa Tanganyika akakuta humo konyeza, kiumbe laini chenye umbo la mwavuli ambacho watu wa pwani wanakijua kwa kuwawasha, pamoja na konokono wenye magamba yanayofanana na ya baharini. Mwaka 1903 akachapisha kitabu akidai kwamba ziwa letu liliwahi kuwa mkono wa bahari. Alikosea. Ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka katika Bonde la Ufa, na halikuwahi kuungana na bahari. Hata hivyo hakukosea yote, maana bahari imo ziwani kwa njia nyingine: utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba dagaa wa Tanganyika ni uzao wa samaki wa baharini walioingia mito ya Afrika Magharibi mamilioni ya miaka iliyopita, wakazoea maji baridi na kusambaa hadi huku. Fungu la dagaa wa Kigoma unalonunua sokoni Mpanda lina ukoo wa baharini. Unakula dagaa wako kwa ugali, ukoo haubadilishi bei. Ila ni vizuri kujua.

Sasa twende kwenye maji yanayotoka kwetu, na hapa ndipo wito wangu unapoanza.

Katavi imekaa mahali ambapo maji hugawana njia. Mto Ugalla unakwenda kuungana na Malagarasi, Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, ziwa linamwaga maji yake kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, na Lukuga unaishia katika Mto Kongo unaofika Atlantiki. Chupa ya plastiki iliyotupwa kwenye kijito upande huo ina njia, angalau kwenye ramani, ya kufika baharini. Mto Katuma haufanyi hivyo. Unapita ziwa Katavi na ziwa Chada ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unaungana na Kavuu, unaishia Ziwa Rukwa, na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yaliyoingia humo hayaendi popote isipokuwa kurudi angani.

Tafakarini maana yake. Wengine wakiharibu maji, bahari huyapokea na kuwafichia aibu yao kwa miaka. Sisi wa upande wa Katuma hatuna wa kutufichia. Sumu ya shambani, zebaki ya kuchenjulia dhahabu, udongo uliomomonyoka kwenye kilima kilichokatwa miti: vyote vinabaki katika bonde letu wenyewe, vinywewe na ng'ombe wetu na kuliwa na samaki tunaowavua. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, watu walisema ni mambo ya pwani na miji mikubwa. Kwa mahali ambapo taka haina pa kukimbilia, marufuku hiyo ilituhusu sisi kwanza.

Nendeni Sitalike mwezi Oktoba, msimame darajani muone viboko. Wanabanana kwenye tope, mgongo juu ya mgongo, wakigombea maji ambayo Machi yalikuwa yamejaa tele. Watalii hupiga picha. Kiangazi kikavu ni asili ya nchi yetu na viboko wamekizoea tangu zamani, lakini Katuma wa miaka ya karibuni umekauka mapema na kwa ukali zaidi, na sababu mojawapo inajulikana: mabanio na mifereji ya juu ya mto, maji yakielekezwa kwenye majaruba ya mpunga bila kipimo, na misitu ya vyanzo kugeuzwa mashamba. Simnyoshei mtu kidole. Mpunga tunaula wote, na mwenye watoto wa kusomesha halaumiwi kwa kulima. Lakini mpunga wa juu ukimaliza maji, mpunga wa chini haupandwi, na ugomvi wa maji hauishi kwa hotuba.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa la asili au bwawa. Kinachonipendeza ni kwamba kifungu hichohicho, kwa mita hizohizo 60, kinalinda ufuo wa bahari. Kisheria, ukingo wa Katuma una heshima sawa na ufuo wa Bagamoyo. Ombi langu la kwanza ni hilo: mita 60 ziachwe. Mwenye mazao ndani yake sasa aachwe avune, kisha asilime tena. Pandeni hapo miti ya asili inayopenda maji, au acheni tu ardhi ijifunike yenyewe. Miombo ikipumzishwa huchipua kutoka kwenye visiki bila kuombwa. Msipande mikaratusi kwenye chanzo cha maji, hata kama miche ni ya bure. Mikaratusi ina mahali pake, nitafika hapo.

Ombi la pili ni kwa wakulima wa tumbaku, na naomba mnisikilize bila kununa. Tumbaku ya mvuke imewajengea wengi nyumba za bati na kulipa ada za shule. Lakini mabani ya kukaushia tumbaku hiyo yanakula kuni, msimu baada ya msimu, na kuni hizo zinatoka kwenye miti ileile inayotupandishia mvua. Mwenye bani awe na shamba lake la miti ya kuni, na hapo ndipo mikaratusi inapofaa, mbali na mto. Mwenye uwezo ajenge bani lenye tanuru la kubana kuni. Na moto wa kuandaa mashamba, ule wa Agosti na Septemba unaotoroka na kula mlima mzima kwa uzembe wa mtu mmoja, tuuone kama tunavyouona wizi wa mifugo.

Atakayesema msitu uliosimama haulishi mtu, aende akawaulize jirani zetu. Katika Wilaya ya Tanganyika, humuhumu mkoani Katavi, vijiji vinane vya milima ya Ntakata, kijiji cha Katuma kikiwamo, vimelinda misitu yao na kuingia katika biashara ya hewa ukaa. Vimepokea mabilioni ya shilingi, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Siwaahidi Litapunga mabilioni. Biashara hiyo ina masharti yake, inahitaji msitu mkubwa, mpango wa matumizi bora ya ardhi na uongozi usiokula fedha za watu. Lakini msingi wake ni uleule tuliouona: hewa ukaa ambayo bahari haikuimeza na msitu haukuishika inabaki angani kutuongezea joto. Mlinzi wa miombo na mvuvi anayelinda mikoko ya Rufiji wanafanya kazi moja, na dunia imeanza, kwa kuchelewa, kuwalipa.

Hata kupumzisha kunawezekana. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila nyavu si mchezo kwa mtu wa Karema au Ikola ambaye shamba lake ni maji. Kama wao waliweza kuacha ziwa zima, sisi hatushindwi kuacha mita 60.

Lipo jambo dogo ambalo ningeona haya kuliacha, nalo liko jikoni. Mwili wa binadamu unahitaji madini joto kidogo sana kila siku, na ghala lake kubwa ni bahari. Upepo na mvua huyaleta nchi kavu, lakini kadiri unavyokwenda mbali na pwani na ardhi inavyooshwa na mvua za miaka mingi, ndivyo yanavyopungua kwenye udongo na kwenye chakula. Matokeo yake ni uvimbe wa shingo, na lililo baya zaidi ni mtoto aliyeko tumboni kukosa ukuaji kamili wa ubongo. Hapa kwetu hatuwezi kula samaki wa bahari kila wiki, kwa hiyo dawa ni chumvi iliyoongezwa madini joto. Mama zangu na dada zangu, na ninyi wanaume mnaotumwa dukani: nunueni chumvi ya pakiti yenye maandishi hayo, msidanganywe na bei ya ile ya kupimwa kwenye gunia isiyojulikana imetoka wapi. Itunzeni kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, na itieni kwenye mboga inapokaribia kuiva, maana moto mrefu hupunguza madini hayo. Mjamzito ndani ya nyumba asikose chumvi hiyo hata siku moja.

Walimu wetu nao nina neno nao. Mtoto wa darasa la nne hapa anaweza kuchora mzunguko wa maji ubaoni, mishale yote ikiwa sawa, na asijue kwamba mshale mmoja unapita juu ya paa la shule yake. Mpelekeni mtoni. Mwonyesheni Katuma kwenye ramani, kidole kiishie Rukwa, kisha muulizeni maji yanatokaje hapo. Atawajibu vizuri kuliko watu wazima wengi.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Naomba ule utakaotangulia mvua za Novemba uwe na ajenda ya vyanzo vya maji, isiwekwe mwisho chini ya "mengineyo" wakati watu wameshaanza kusimama. Ajenda hiyo iamue mambo yanayoweza kukaguliwa: nani atapima mita 60 na lini, mipaka itawekwa alama gani, mwenye shamba ndani yake atapewa muda gani na atasaidiwaje kupata pengine, faini ya moto iliyoandikwa kwenye sheria ndogo itatozwa na nani. Waalikwe watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, na kwa vijiji vya upande wa Ugalla, wenzao wa Bonde la Ziwa Tanganyika. Ni kazi yao kuja. Wafugaji waalikwe kwa majina, si kwa tangazo la kubandikwa ukutani, kwa sababu njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji isipopangwa siku hiyo, alama zote zitakanyagwa kabla ya Krismasi. Kamba ya kupimia inapatikana madukani Mpanda. Mwenyekiti akipitisha daftari la mchango, jina langu liandikwe.